Mweleze mtu kwa Kiingereza hadi atambulike, tena bila kumkwaza

Madereva na waongoza watalii ninaowafundisha Kiingereza jioni hapa Moshi wanakutajia mti na ndege wa njia ya Machame ya kupanda Mlima Kilimanjaro bila kusita. Waulize mgeni wa kupokelewa leo KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, yukoje, wengi huishia hapa: "He is tall, he is fat, he is white." Maelezo hayo hayatoshi. Ndege ikishusha abiria, warefu na weupe ni wengi, na hilo neno la katikati, mgeni akilisikia, safari imeanza vibaya.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla hujafungua mdomo, jiulize ni kitu gani kinamtofautisha mtu huyu na wale waliosimama karibu naye. Anza na hicho. Miwani, ndevu, kipara, kofia nyekundu, fimbo ya kutembelea. Sifa mbili au tatu za namna hiyo zinatosha, na zinashinda orodha ndefu.

Kwanza lielewe swali lenyewe. "What does she look like?" linauliza sura na umbo. "What is she like?" linauliza tabia, kwa hiyo jibu lake ni mpole, mcheshi au mkali. "How is she?" ni kumjulia hali. Wanafunzi wengi huyachanganya haya matatu, kisha hujibu vizuri swali ambalo hawakuulizwa.

Sasa tuje kwenye unene, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumiza bila kukusudia. Kwetu ndugu akirudi kutoka mbali ukamwambia "umenenepa!", mara nyingi unafurahia afya yake, na yeye anacheka. Ukimwambia Mwingereza au Mmarekani "you are fat", umemtukana, hata kama ulitabasamu. Mara nyingi njia bora ni kuuacha mwili wake na kutaja kitu kingine. Ikibidi kabisa, sema "a big man" au "heavily built", yaani mwenye mwili mkubwa. "Overweight" iachie hospitali. Wembamba nao una ngazi zake: "slim" ni sifa nzuri, "thin" ni ya kawaida ingawa inaweza kusikika kama una wasiwasi na afya yake, na "skinny" wengi hawaipendi.

Umri nao una adabu yake. Badala ya "an old woman", sema "a woman in her sixties", yaani yuko kwenye miaka ya sitini. Ukitaka kukaribia zaidi, kuna "early sixties", mwanzoni mwa sitini, na "late sixties", mwishoni mwake. Hapo umetoa habari nyingi kuliko neno "mzee", wala hujamkosea mtu.

Rangi ya ngozi inataka uangalifu zaidi. Sisi tukisema dada fulani ni mweupe, tunamaanisha Mwafrika mwenye ngozi ya kung'aa. Ukiigeuza kuwa "she is white", msikilizaji atamtafuta Mzungu. Sema "light-skinned". Mwenye rangi ya maji ya kunde ana "brown skin", na mweusi sana ana "dark skin". Kwa chotara, neno "half-caste" ambalo bado nalisikia sana huku, Uingereza limekuwa la matusi. Wao husema "mixed race". Na kama vile Kiswahili kilivyokubali "mtu mwenye ualbino", Kiingereza nacho kinasema "a person with albinism". Naomba hilo lishikwe kwa moyo, kwa sababu ndugu zetu hawa wameumizwa vya kutosha kwa maneno.

Nywele ndizo Wazungu huanza nazo, na sababu iko wazi: kwao zinatofautiana rangi. Kuna "blonde", za rangi ya dhahabu, kuna "brown", za kahawia, kuna "red", ambayo ukweli ni ya rangi ya chungwa. "Ginger" utalisikia, lakini Uingereza watoto wametaniwa sana kwa neno hilo, hivyo tumia "red hair". Sisi wenye nywele nyeusi karibu wote tunatazama mtindo: "braids" ni za kusuka, "cornrows" ni mistari kama twende kilioni, "a shaved head" ni upara wa kunyoa, na "bald" ni kipara chenyewe. Mvi, hata zikiwa nyeupe pe, kwa kawaida huitwa "grey hair".

Sarufi yake si ngumu. Kimo, umri na umbo hutumia "is": "He is tall." Nywele, macho na ndevu hutumia "has": "He has a beard", wala si "he is having". Nguo na miwani hutumia "is wearing". Nywele za kichwani ni "hair" bila "s". Sifa zikipangana, urefu hutangulia, kisha umbo, rangi mwisho: "short curly grey hair". Kuhusu kimo, Waingereza na Wamarekani hutumia futi. Futi sita ni kama sentimita 183, na mtu wa hapo kweli ni mrefu.

Kwa mazoezi, toa noti ya shilingi 1,000 mfukoni uitazame sura ya Mwalimu Nyerere. Mweleze kwa sentensi tatu: nywele, masharubu, umri unaokadiria. Masharubu ni "a moustache", usiyachanganye na "beard". Kisha mwombe mwenzako achague mtu mmoja stendi bila kukuonyesha, akueleze kwa Kiingereza, nawe umtafute kwa macho. Ukikosea mtu, mwulize sifa moja zaidi. Darasani kwangu zoezi hili limewafungua midomo watu ambao vitabu vilikuwa vimewashinda.