Kabla hujapiga Windows laptop ya mtu

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa kompyuta, kupiga Windows upya siyo kazi ngumu, flashi ya GB 8 unayo, unabuti, yaani unaiwasha mashine kwa hiyo flashi, unabonyeza mbele mbele, imeisha. Fundi unamjua kwa ile saa moja kabla hajachomeka flashi.

Mwaka wangu wa kwanza dada mmoja wa chuo aliniletea laptop nzito, inakwenda polepole mpaka basi, akasema vitu vyangu vyote viko D we futa C tu. Sasa ukifika pale inapokuonyesha diski hakuna C wala D, kuna patisheni, yaani vipande vya diski, 1, 2, 3, 4 na ukubwa wake basi, na mimi nilishazoea kufuta zote nikafuta zote. Ilikuwa SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, na SSD ukishafuta huwa inajisafisha yenyewe kwa ndani, programu za kurudisha mafaili nilizunguka nazo siku mbili hazikunipa kitu. Data za utafiti wake zikaenda. Alilia pale pale dukani, na sura yake naiona mpaka leo nikishika mashine ya mtu.

Kwa hiyo kopi kwanza, kwenye diski ya nje, na usimuulize mteja una vitu gani humu maana hajui. Muulize kila siku unafanyia kazi gani. Mhasibu atakutajia QuickBooks, programu ya mahesabu, hapo unajua kuna faili la kampuni la kutafuta, mwingine paswedi zake zote ziko kwenye brauza na hazikumbuki hata moja. Ukimaliza kukopi fungua mafaili kadhaa kutoka kwenye hiyo kopi uone yanafunguka kweli.

La pili BitLocker, kufuli la Windows linalofunga data za diski. Laptop nyingi za Windows 11 zimefungwa nayo mwenyewe hana habari, ukienda kwenye baiosi, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, ukazima Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka, tu ikiwaka inadai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo uko kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, aingie kwa simu yake mkiwa wote muuandike kwenye karatasi. Akaunti haikumbuki? Basi baiosi usiiguse mpaka umeshakopi kila kitu.

Halafu hili la diski kutoonekana. Laptop nyingi zenye prosesa ya Intel kizazi cha 11 kuendelea unafika kwenye kuinstoo unakuta hakuna diski kabisa, na nimeona vijana wanamwambia mteja diski imekufa nunua nyingine, jamani huo ni wizi hata kama hukukusudia. Inataka draiva ya Intel RST, yaani programu ndogo ya kuifanya Windows iione diski, ipakue kwenye tovuti ya waliotengeneza hiyo laptop, uifungue uiweke kwenye flashi, itaonekana. Draiva ya Wi-Fi nayo iweke humo humo, ukisahau chomeka simu kwa waya wa USB ugawe bando.

Leseni kama ilikuwa halali inarudi yenyewe ukiunganisha intaneti, ila weka toleo lile lile, Home kwa Home, Pro kwa Pro.

Sasa hivi wengi wanakuja kwa sababu Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM GB 4, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. Njia za kuzunguka masharti zipo, lakini mimi simwekei mtu kabla sijamweleza kwamba huko mbele apdeti zinaweza kumgomea. Na kama mashine iko sawa anataka kuhama tu, mfanyie apdeti inayobakiza mafaili na programu zake, usifute kitu. Ikiwa ni nzito kwa sababu ina diski ya zamani ya kuzunguka, hata uipige Windows mara kumi bila SSD utamlia hela yake bure.

Kazi ikiisha mwite mteja akae, afungue mafaili yake mwenyewe moja moja. Kopi yake mimi nakaa nayo wiki mbili, imefungwa, hakuna anayeichungulia, halafu nampigia simu nimwambie naifuta.