Video bila matangazo na bila kufuatwafuatwa: jibu kwa mdau wa Kasulu

Mkuu wa Kasulu, swali lako limebeba mambo matatu, na waliotangulia kuchangia wameyachanganya. Umesema simu yako ni Android 8, bando linaisha kabla hujamaliza video moja ya ufundi wa pikipiki, ukitafuta kitu kimoja tu unaletewa video za kitu hicho wiki nzima, na kuna jamaa anataka kukurushia "YouTube ya bure" kupitia WhatsApp. Mmoja kakujibu weka VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwenye kompyuta ya mtu mwingine) yaishe. Mwingine kakwambia zima data ukalale. Mimi ni fundi simu hapa Mwanga, Kigoma mjini, na hizi programu huria za video (ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa yeyote kuukagua) nimewawekea wateja wengi, kwa hiyo nakujibu kwa yale ninayokutana nayo mezani.

Matangazo ni tatizo la kwanza, bando la pili, kufuatiliwa la tatu. Programu nitakayoanza nayo inamaliza la kwanza, la pili inalipunguza sana, la tatu inalitatua nusu. Mtu akikuahidi yote matatu kwa mpigo, kaa naye mbali.

Programu yenyewe ni NewPipe. Ipo tangu 2015, msimbo wake uko wazi kwa leseni huria iitwayo GPL, na haitumii huduma za Google zilizomo ndani ya simu. Inachofanya ni kusoma kurasa za YouTube kama kivinjari, inachomoa video na sauti, basi. Matangazo ya YouTube hayapiti, kwa sababu programu haijaandikwa kuyaomba. Unafuata chaneli bila kufungua akaunti. Orodha inakaa kwenye simu yako. Kama tayari una akaunti yenye chaneli nyingi, ziombe kupitia Google Takeout, huduma ya Google ya kuchukua data zako, utapewa faili, na NewPipe italisoma.

Kwa upande wa bando, ukishaiweka usikimbilie kutazama. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya video na sauti, uweke kikomo cha ubora pale unapotumia data ya laini. 360p, yaani ubora wa picha wa chini, inatosha kabisa kumwona mtu akifungua kabureta. Halafu kuna sauti peke yake. Mahubiri, taarabu, mjadala wa mpira, hivyo vyote unalipia picha ya nini? Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula kama MB 58 kwa saa nzima, na unaweza kufunga kioo ukaitia simu mfukoni ikaendelea kusema. Nina mteja fundi cherehani kule Gungu ambaye hiki ndicho kitu pekee alichokitaka. Video zenyewe anatazama mara moja, anajifunza mkato wa kitambaa, siku nzima iliyobaki anasikiliza.

Sasa hapa kwenye kufuatiliwa nakuomba usome taratibu. Ukitumia NewPipe hujaingia kwa jina lako, kwa hiyo Google hawaandiki kwenye akaunti yako kwamba mtu fulani katazama hiki na kile. Lakini video bado inatoka kwenye seva (kompyuta kubwa) za Google kuja moja kwa moja kwenye simu yako, maana yake anwani ya IP ya laini yako, namba inayoitambulisha mtandaoni, wanaiona. Kampuni ya simu nayo inaona kwamba unavuta data kutoka Google, ingawa haioni ni video gani. Kwa mtu anayetafuta namna ya kubadilisha pistoni, hiyo inatosha sana. Kwa mtu mwenye sababu nzito ya kujificha, haitoshi, na asidanganywe.

Tena kuna mfuatiliaji mwingine ambaye watu humsahau: aliye nyumbani. Huku kwetu simu moja inashikwa na baba, mtoto na shemeji aliyekuja kutibiwa hospitali ya Maweni. NewPipe inaweka historia ya ulichotazama na ulichotafuta ndani ya simu yenyewe. Kama hutaki shemeji ajue unatafuta dawa ya nini, izime historia hiyo kwenye mipangilio na ufute iliyopo. Kwa wateja wangu wengi, hili lina uzito kuliko Google na seva zao zote.

Hiyo "YouTube ya bure" ya WhatsApp usiiguse. Simu ninazoletewa zikiwa zinafungua matangazo zenyewe usiku, mara nyingi nikichimba nakuta faili la apk (faili la kusakinisha programu ya Android) lililopita mkono kwa mkono, hakuna anayejua lilikotoka. Kuna kijana wa Katonga aliniletea simu akilalamika betri haikai. Nikaingia kwenye orodha ya programu, nikabonyeza ile ya video, nikafungua ruhusa zake: ujumbe mfupi, majina ya simu, kipaza sauti, na ruhusa ya kujichora juu ya programu nyingine. Programu ya kutazama video inasoma SMS za nini? Simu hiyo hiyo ndiyo anayotumia kupokea pesa na namba za siri za mara moja. Niliiondoa mbele yake, nikamwambia abadilishe PIN ya akaunti yake ya pesa kabla hajavuka barabara. NewPipe hutaikuta ikiomba SMS wala majina. Inaweza kukuomba ruhusa ya kuelea juu ya programu nyingine kama unataka kile kidirisha kidogo, ukikataa inaendelea kufanya kazi.

Wengine mtasema mbona Vanced, ile YouTube iliyorekebishwa isiyo na matangazo, ilikuwa nzuri. Ilikuwa, lakini ilifungwa Machi 2022 baada ya kubanwa kisheria na Google, kwa hiyo kila anayekuuzia "Vanced mpya" leo muulize kaitoa wapi.

NewPipe huikuti Play Store. Inapatikana F-Droid, ghala la programu huria lililoanza 2010. Fungua tovuti yao f-droid.org kwa kivinjari, pakua F-Droid, simu itakuuliza kama unaruhusu kivinjari hicho kusakinisha programu kutoka nje, ruhusu, sakinisha, kisha rudi ukafunge ruhusa hiyo ya kivinjari. Hapo ndani tafuta NewPipe. Ujue jambo moja: YouTube wakibadilisha mitambo yao, NewPipe huzima ghafla, video zinakataa kufunguka. Simu haijaharibika, wala usiniletee. Subiri toleo jipya. F-Droid hujenga programu wenyewe kutoka kwenye msimbo, hivyo toleo lao huweza kuchelewa. Watengenezaji wa NewPipe wana hazina yao ya matoleo ambayo unaweza kuiongeza humo humo F-Droid ukapata mapema. Ila saini (alama ya kidijitali ya aliyelitoa) za matoleo hayo mawili ni tofauti, huwezi kuliweka moja juu ya lingine. Kabla ya kuhama, toa nakala ya data zako kwenye mipangilio, ondoa la zamani, weka jipya, rudisha.

Kupakua ndiko kunakowafaa zaidi watu wa huku. Mafundi wa injini za boti pale Kibirizi wanapakua kwenye bando la usiku au kwenye WiFi ya mtu, wanahifadhi kwenye memori kadi, kesho yake ziwani mtandao upo haupo wao wanatazama. Faili lifungulie VLC, kicheza video ambacho nacho ni programu huria, mradi wake ulianzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, na inacheza karibu kila kitu utakachoipa. Hapa niseme wazi: masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua nje ya njia walizoweka wao, na kutazama kwako mwenyewe hakufanani na kuingiza nyimbo za watu kwenye memori kadi za wateja kwa malipo. Hiyo ya pili inagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kwenye meza yangu siifanyi, na najua jirani zangu watanuna.

Na yule mwalimu wa pikipiki unayemfuata, matangazo yasipopita yeye hapati kitu kutoka kwenye utazamaji wako. Wengi huweka namba ya kupokea mchango chini ya video. Elfu moja kwa mwezi inamfaa kuliko matangazo utakayoyaruka.

Kuhusu kuficha IP. Ilikuwepo njia nzuri inaitwa Invidious, ya tangu 2018: ni tovuti inayokuchukulia video YouTube na kukuletea, unaweza hata kuiagiza video yenyewe ipite kwao, ili Google waone seva ya tovuti hiyo badala yako. Mwezi Juni 2023 YouTube waliwaandikia watengenezaji wa Invidious kuwataka waifunge, wenyewe wakagoma wakisema hawatumii mlango rasmi wa YouTube na hawakuwahi kukubali masharti yake. Piped inafanya kazi kwa namna inayokaribiana, na programu ya simu ya LibreTube ilijengwa juu yake. Tatizo ni kwamba YouTube wamekuwa wakizizuia seva hizo, nyingi za wazi zimekufa au zinakwambia uthibitishe kwamba wewe si roboti. Zilizobaki nyingi ziko Ulaya, kwa hiyo video inazunguka huko kwanza ndiyo ije Kasulu. Jaribu kwa mtandao wa laini jioni uone ulivyo mzito. Isitoshe, mwenye seva naye anaona unachotazama. Umehamisha imani, hujaiondoa.

Aliyesema VPN yaishe, sawa, inaficha IP yako kwa Google, lakini matangazo haizuii na bando haipunguzi, linaongezeka kidogo. Halafu mwezi Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walitangaza wanaotumia VPN wazisajili. Usimpe mtu ushauri nusu.

PeerTube ni kitu kingine kabisa, si mlango wa nyuma wa YouTube. Ni programu ya kuanzisha tovuti yako ya video, iliyotengenezwa na Framasoft wa Ufaransa, toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2018, na tovuti hizo zinaunganishwa pamoja. Naipenda, lakini kwa mafunzo ya Kiswahili sijapata cha kutosha humo. Na tahadhari kwa mtu wa bando: inaweza kuwafanya watazamaji wapeane vipande vya video, yaani simu yako nayo inapakia kwa wengine, na wao wanaona IP yako. Kizime kipengele hicho kwenye mipangilio kabla ya kucheza chochote.

Ukipata laptop, weka FreeTube, ni kama NewPipe ya kompyuta. Anayependa kuandika amri kwa mkono atumie yt-dlp, programu ya kupakua video.

Hutaki kusakinisha chochote kutoka nje ya Play Store? Basi chukua Firefox humo humo, ongeza uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo, fungua YouTube kama tovuti bila kuingia kwenye akaunti. Matangazo mengi yanaondoka. Na hata ukiwa na NewPipe, Firefox ibaki nayo, kwa sababu NewPipe haina sehemu ya kuingia kwenye akaunti: maoni utayasoma, kuandika hutaweza. Siku ukitaka kumuuliza mwalimu wako swali chini ya video, uliza kwa Firefox, kisha toka kwenye akaunti urudi kutazama.