Mafuta ya usukani wa gari la Toyota Celica la 1994
Yaya, huyo aliyekuambia utie mafuta ya breki kwenye usukani anataka kukuuzia pampu! Yanaharibu mipira yote ya ndani. Celica yako inatumia ATF Dexron II au III, yale mekundu ya giaboksi otomatiki. Hapa Goma yanapatikana, lakini nunua kopo ambalo halijafunguliwa. Nyonya mafuta ya zamani kwa sirinji kutoka kwenye kikopo cha mafuta ya usukani, jaza mapya, inua magurudumu ya mbele, kisha zungusha usukani kushoto na kulia injini ikiwa imezimwa. Rudia hadi rangi isafike. Ukiwasha ukaona povu, hewa bado imo. Na usishikilie usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho kwa zaidi ya sekunde 5, pampu inaumia.