Kirusi pamoja na Kilatini na Kigiriki cha kale: inawezekana

Kusoma lugha hizi pamoja chuo kikuu kunawezekana, tena kwa shahada moja. Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, wanayo inayounganisha Kilatini na Kigiriki cha kale na lugha ya kisasa, na Kirusi kimo. Cambridge unaingilia upande wa lugha za kisasa: Kirusi pamoja na Kilatini au Kigiriki, miaka 4, wa tatu unakaa nje ya nchi. Kirusi unaweza kukianza bila kujua hata herufi.

Na zinasaidiana kweli. Nilijifunza Kilatini kwanza, na nilipofika kwenye nomino za Kirusi, ambazo hubadilisha miisho kulingana na kazi ya neno katika sentensi, sikushtuka, nilishazoea. Aliyepitia Kigiriki ana nafuu nyingine: herufi nyingi za Kirusi zimetoka huko. Vitenzi vya kwenda na kuja ndivyo vitakavyokutoa jasho, hapo Kilatini hakikusaidii.

Ila huo mwaka wa nje uulizie mapema. Tangu vita vya Urusi na Ukraine vya 2022, vyuo vya Uingereza huwapeleka wanafunzi wa Kirusi kwingine, kwa mfano Almaty (Kazakhstan) au Bishkek (Kirgizstan), badala ya Urusi yenyewe.