Jibu: Mdogo wangu wa Kongwa anaimba viitikio studio, jina halitajwi

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako aendelee kupanda basi kuja Dodoma mjini kuwaimbia watu viitikio wakati jina lake haliandikwi popote. Aendelee, ila asiingie tena studio bila karatasi.

Mambo haya ni ya zamani. Mwimbaji Marni Nixon wa Marekani ndiye aliyeimba nyimbo nyingi za filamu ya My Fair Lady, 1964, huku mwigizaji Audrey Hepburn akionekana kama ndiye anayeimba, na jina la Marni halikutajwa. Kwenye filamu ya West Side Story ya 1961, alikoimba vilevile, alidai chake, mtunzi Leonard Bernstein akamkatia asilimia 0.25 ya mrabaha wake mwenyewe. Kiduchu, ndiyo. Asingedai asingepata hata hicho.

Huku kwetu sauti za Kigogo zinatafutwa. Binti aliyekua akisikia akina mama wakipiga muheme, ngoma ya Wagogo, na kupishana sauti, ukimwomba sauti ya pili anakupa na ya tatu bila kufundishwa. Prodyuza anajua fika thamani yake, halafu anamlipa soda na nauli! Nami nimelipwa hivyo, jina la studio silitaji.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwimbaji pia, si mtunzi peke yake. Kabla ya kuvaa hedifoni waandikiane: jina, wimbo, tarehe, malipo, sahihi. Prodyuza akinuna, basi wakubaliane kwa meseji na asizifute. Kuhusu usajili awaulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania.