Nyumba ikihamishwa, mila inahama nayo?

Mmeuliza wiki hii kama mtoto anajifunza mila akipelekwa vijiji vya makumbusho. Limenigusa, maana juzi tu nimetoka huko, ila sio pale Makumbusho yetu ya Dar. Nimeoa Ufilipino na naishi huku, tukaenda Las Casas Filipinas de Acuzar, Bagac, mkoa wa Bataan. Tulitoka Cavite saa kumi alfajiri, mimi, wife, mtoto na mama mkwe, huku bibi wanamwita Lola.

Pale hawajajenga vibanda vya mfano. Nyingi ni nyumba za kweli za wakubwa wa zamani, chini mawe juu mbao, tajiri Jose Acuzar kazinunua huko na huko, kazifumua, kazisimamisha tena ufukweni. Kuna ya 1890 imetoka Binondo, Manila. Mimi nilienda nimeshanuna, kwangu kuhamisha nyumba ya watu ni sawa na kung'oa milango ya Unguja ukaiuze.

Sasa sikia. Tuko juu sebuleni, chini ya dirisha kubwa kuna vidirisha vidogo usawa wa sakafu, vina nguzo nguzo za mbao, vya kuingizia upepo. Mwanangu kaingiza mguu, umenasa! Analia, mtembeza wageni anahangaika, mimi jasho. Lola katulia tuli, kainama, kauzungusha mguu taratibu ukatoka, eti alishanasa hivyo hivyo utotoni. Nikamuuliza, kumbe mlikuwa na nyumba kama hii? Akacheka. Mama yake alikuwa dobi kwenye nyumba kama hiyo, wao kwao ni chini, huku juu alikuwa anapanda kusugua sakafu tu. Akavua ndala, akaonyesha: unakanyaga kumbi la nazi kwa mguu mmoja, unasukuma mbele nyuma, mbao zing'ae kama kioo (huku wanasifia sana narra, ndugu yake mninga wetu). Mtoto machozi hayajakauka, anasugua na yeye, bibi na mjukuu wanacheza sakafuni watu wanapiga picha. Mtembeza wageni mwenyewe hilo la makumbi hakuwa amelisema.

Mila zenyewe mtoto kazipata nyumbani, kila asubuhi anachukua mkono wa Lola anaugusisha kwenye paji la uso, ndo shikamoo yao, na wala hatujalipia kiingilio. Kwa hiyo nilitaka kujibu hapana. Ila hiyo stori ya dobi, miaka sita ya ukwe sijawahi kuisikia, imetoka kwa sababu ile sakafu ipo. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo hakuna aliyezihamisha, tumebomoa tukapandisha maghorofa, nami bibi yangu angenionyesha nini pale?

Basi mpelekeni, ila bei imechangamka, msiende wikendi, na mtu mzima wa kwenda naye awepo. Mwanangu sasa anasugua vigae vyetu kwa makumbi kila siku, vimeshachubuka.