Korongo la Marafa, mafuta na mabroka

SWALI: Shikamoo daktari. Nafundisha jiografia sekondari huku Magarini. Wanafunzi wameniuliza, mabamba ya dunia (yale mapande makubwa ya ganda lake) yakiwa yanapishana tu ubavu kwa ubavu, beseni, yaani lile bonde kubwa lililozama, linatoka wapi? Halafu kuna broka anazunguka huku anasema korongo la Marafa ni dunia inaachana hivyo hivyo, ati chini kuna mafuta, anauza ploti kando yake bei ya juu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwalimu. Hilo la wanafunzi ni jepesi. Ufa wa kupishana haunyooki kama rula, unakwenda, unakatika, unaruka pembeni kidogo halafu unaendelea, na ni hapo kwenye kuruka ndipo beseni linazaliwa. Wape mkasi na karatasi. Wakate kutoka kushoto, wakifika katikati wapande juu sentimita 2, halafu waendelee kulia mpaka watokeze. Vipande viwekwe mezani vikiwa vimeshikana, kile cha juu kisukumwe kushoto taratibu, tundu la mstatili litafunguka pale kwenye ngazi. Wakikisukuma kulia vinapandana, na duniani hapo panainuka vilima.

Lakini karatasi inadanganya kitu kimoja na hapo ndio watu wananichosha. Hakuna tundu! Ganda la dunia likivutwa linakuwa jembamba, linakatika mapande, mapande yanazama polepole na mito inamwaga mchanga na tope juu yake, kwa hivyo beseni linazama huku linajazwa. Bahari ya Chumvi kule Jordan imekaa kwenye beseni kama hilo, ufuo wake uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari na chini ya maji kuna mashapo (mchanga na tope lililotuama) ya kilomita kadhaa, na pande mbili za ufa wake zinapishana milimita 4 au 5 hivi kwa mwaka. Mambo ya mamilioni ya miaka haya. Ikitokea haraka basi ni tetemeko, kama Uturuki Agosti 1999, watu zaidi ya 17,000 walikufa na kipande cha ufuo wa mji wa Gölcük kikazama baharini, maana pale ndipo ufa unaporuka.

Sasa wewe niambie Marafa ilitetemeka lini. Nyari, yaani hilo korongo lenyewe, ni kazi ya mvua na upepo, basi. Ule mwamba wa mchanga ni laini, mvua za masika zikipiga maji yanashuka mekundu na ukingo unamegeka unarudi nyuma, anayetaka ushahidi aende akasimame pale (asisogee ukingoni). Hata ule ufa wa Mai Mahiu wa 2018, ule ambao klipu yake ilizunguka kila simu ati Afrika imegawanyika, mvua kubwa ilikuwa imekomba majivu ya volkano yaliyojaa kwenye ufa wa zamani, na huko ni Bonde la Ufa kwenyewe!

Broka anashika nusu ya ukweli ndio maana watu wanaliwa. Ni kweli chini ya pwani yetu kuna beseni kubwa, wataalamu wanaliita Beseni la Lamu, lilianza Madagaska ilipoachana na Afrika zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na Madagaska ikateleza kwenda kusini kufuata ufa mkubwa wa baharini unaoitwa Davie. Lakini hilo halihusiani na korongo lako hata kidogo. Na visima vya kutafuta mafuta vimechimbwa humo tangu miaka ya 1960, mafuta ya kuuza hayajapatikana, kwa mitambo ya mamilioni ya dola, sembuse mtu na kimashine chake cha kulia pii pii.

Hao wa kimashine ndio hao hao, leo mafuta, kesho dhahabu, kesho kutwa ni maji matamu halafu unachimba unakuta ya chumvi. Mtu anayejua chini kuna nini kwa kutembea tu juu sijamuona, na mimi ndio kazi yangu. Tena hata mafuta yangekuwepo, Katiba ya 2010 kifungu cha 62 inasema madini na mafuta ni mali ya umma, hata uwe na taitol ya ardhi, kwa hivyo huyo anayekupandishia bei kwa sababu ya mafuta anakuuzia kitu ambacho si chake na hakitakuwa chako. Walioshatoa diposti wapeleke agrimenti kwa wakili kabla hawajaongeza hata shilingi.